Daktari Aliyewatoa Wagonjwa Kitandani

Mwaka jana nikiwa fildi, nilipangiwa shule moja ya sekondari ya kutwa. Nilipewa masomo yangu mawili na juu yake kipindi cha michezo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kijana kuliko wote pale ofisini. Kidato cha pili kulikuwa na mwanafunzi mmoja anayetembea kwa magongo. Siku ya kwanza, wenzake walipovua mashati na kukimbilia uwanjani, yeye alikwenda moja kwa moja chini ya mwarobaini akakaa, na wenzake wakamrundikia nguo na madaftari. Hakuna aliyemwagiza. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu kidato cha kwanza, mlinzi wa nguo. Na mimi, mwalimu mtarajiwa niliyefaulu vizuri tu kozi ya elimu jumuishi, nikapuliza filimbi, mpira ukaanza. Hivyo hivyo kila wiki, mpaka siku ya kuaga.

Jambo hili lilinirudia mwaka huu nilipokuwa natafuta mada ya insha kuhusu mazoezi na afya ya akili. Nilitegemea kukuta habari za kukimbia asubuhi na kunywa maji mengi. Badala yake nikakutana na maisha ya daktari mmoja anayeitwa Ludwig Guttmann, mtu ambaye dunia inamkumbuka kama baba wa michezo ya Paralimpiki. Nilipomaliza kumsoma, yule kijana wa chini ya mwarobaini alikuwa amekaa kichwani mwangu na hataki kutoka. Naomba niwasimulie maisha ya daktari huyu, halafu mtaona kwa nini.

Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji mdogo wa Tost, eneo la Silesia, ambalo wakati huo lilikuwa Ujerumani na leo liko Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alikulia Königshütte, mji wa migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, alijitolea kufanya kazi ndogondogo katika hospitali ya majeruhi ya mji huo. Siku moja akaletwa mchimba makaa, kijana mwenye nguvu zake, mgongo umevunjika na miguu haina habari tena. Guttmann alitaka kuandika maelezo ya mgonjwa kama alivyozoea. Akaambiwa asijisumbue, kwa sababu baada ya wiki chache mtu yule atakuwa marehemu. Na kweli, wiki tano baadaye akafa. Guttmann alikuwa na miaka 18 tu, lakini habari ya yule mchimbaji aliendelea kuisimulia mpaka uzeeni.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana hata mimi sikujua. Uti wa mgongo ukikatika, mfupa wenyewe siyo unaoua. Kinachotokea ni kwamba sehemu ya mwili iliyo chini ya pale palipoumia haisikii chochote. Wewe na mimi tukikaa vibaya tunasikia ganzi, tunajigeuza, tena hata usingizini. Yeye hasikii, kwa hiyo hajigeuzi. Ngozi inabanwa pale pale siku nzima, damu haipiti, kidonda kinafunguka na kuoza. Kibofu nacho hakijimwagi vizuri, uchafu unapanda mpaka kwenye figo. Hayo mawili ndiyo yaliyokuwa yanaua watu enzi hizo. Mimi naongeza la tatu ambalo haliandikwi kwenye faili: daktari, muuguzi, ndugu na mgonjwa mwenyewe wote walikuwa wameshakubaliana kwamba huyu basi tena.

Mwaka 1918 Guttmann alianza kusoma udaktari Breslau, akaendelea Freiburg, akahitimu mwaka 1924. Chuoni alijiunga na chama cha wanafunzi wa Kiyahudi. Wakati huo chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa inapanda vyuoni, na chama chao kiliwahimiza vijana wake kufanya michezo ili watembee vichwa juu mbele ya waliowadharau. Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipoanza kuona jambo ambalo baadaye lilikuja kuwa kazi ya maisha yake, kwamba mwili ukifanya mazoezi unaweza kumrudishia mtu kitu ambacho maneno ya watu yamemnyang'anya.

Alirudi Breslau akafanya kazi chini ya Otfrid Foerster, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mishipa ya fahamu Ulaya. Mambo yalikuwa yanamwendea vizuri. Mwaka 1933 Hitler akaingia madarakani, na madaktari wa Kiyahudi wakafukuzwa katika hospitali za umma. Guttmann akahamia Hospitali ya Kiyahudi ya mji huo huo, na baadaye akawa mkuu wake. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, Wanazi walipochoma masinagogi na kuwasaka wanaume wa Kiyahudi nyumba kwa nyumba, aliwaamuru wafanyakazi wake wampokee na kumlaza kila mwanamume atakayebisha hodi, bila maswali. Asubuhi Gestapo wakaja. Akawatembeza kitanda kwa kitanda, na kwa kila aliyelala akawa na ugonjwa wa kumtajia. Kati ya watu 64 waliolazwa usiku ule, 60 waliokoka kukamatwa.

Machi 1939 akafanikiwa kuingia Uingereza na mkewe Else na watoto wao wawili. Mtu aliyekuwa mkuu wa hospitali nzima sasa alikuwa mkimbizi mwenye kazi ya utafiti huko Oxford. Miaka ikapita akichunguza na kuandika, huku akisikia mikono inamwasha kurudi wodini.

Nafasi ilikuja kwa sababu ya vita. Serikali ya Uingereza ilikuwa inajiandaa kuvuka bahari kwenda kupambana na Wajerumani Ulaya, na ilijua watarudi askari wengi wenye migongo iliyovunjika. Ikamwomba aongoze kituo kipya katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Alikubali kwa sharti kwamba aachwe afanye kazi kwa njia yake. Kituo kilifunguliwa tarehe 1 Februari 1944.

Alianza na mambo ambayo ukiyasikia unaona ya kawaida kabisa. Plasta ngumu walizofungwa wagonjwa aliziondoa. Kila mgonjwa alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na daktari mwenyewe alizuka wodini usiku wa manane kuhakikisha. Alikuwa mkali. Wauguzi walimwogopa, wagonjwa walimnung'unikia. Lakini vidonda vilianza kufunga, na watu waliotarajiwa kufa hawakufa.

Sasa likaja swali ambalo madaktari wengi hawakuwahi kufika kulijibu, maana wagonjwa wao walikufa kabla. Mtu amepona vidonda, hatatembea tena, ana miaka ishirini na kitu. Anaishije? Wengi wa wale askari walikuwa vijana wa umri wangu na wako. Walikuwa wamekata tamaa, wamelala wanatazama ukuta, wanasubiri siku iishe ili ianze nyingine ya kusubiri. Guttmann aliona kwamba kumwokoa mtu na kidonda halafu kumwacha hapo ni kazi nusu.

Dawa yake ilikuwa ratiba. Ukiamka, mazoezi ya mwili. Baada ya hapo, kazi ya mikono, mmoja yuko kwenye useremala, mwingine anajifunza kutengeneza saa. Halafu siku moja akawakuta wagonjwa uani, wamekaa kwenye viti vyao vya magurudumu, wamegeuza fimbo za kutembelea juu chini, wanakipiga kidude sakafuni huku wanakimbizana. Mkuu mwingine angewafukuza. Yeye akaona ndicho alichokuwa anakitafuta, akaingia kucheza nao. Mchezo ule ulikuwa wa fujo, watu wakigongana hasa, kwa hiyo baadaye ukaachwa, ukaja mpira wa kikapu. Na kabla ya kikapu kushika kasi kulikuwa na upinde na mshale.

Kwa nini upinde? Nilijiuliza hivyo hivyo. Kuvuta upinde kunatia nguvu mikono, mabega na misuli ya mgongo, na hiyo ndiyo inayomwezesha mtu aliyepooza miguu kukaa wima bila kuanguka upande. Pia, mpiga upinde aliyekaa anaweza kushindana na aliyesimama, kwa masharti yale yale na shabaha ile ile, na akamshinda. Hakuna anayempunguzia kwa huruma. Kwa kijana aliyezoea kuonewa huruma tangu asubuhi hadi jioni, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Ukiangalia vizuri utaona mazoezi yale yalifanya kazi gani akilini. Mwili uliochoka kwa kucheza hulala, na mtu aliyelala vizuri huamka na mawazo mepesi kidogo. Mtu aliyepata mishale miwili jana na mitatu leo ana ushahidi mkononi kwamba kuna kitu kinaongezeka katika maisha yake. Mwenye timu hawezi kujifungia, kwa sababu wenzake watamfuata wajue yuko wapi. Na mwenye mechi Jumamosi ana sababu ya kuingoja Jumamosi. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba mazoezi ya mara kwa mara hupunguza dalili za sonona na wasiwasi, na linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Pendekezo hilo linawahusu watu wenye ulemavu pia. Guttmann alikuwa amelishika jambo hilo wodini zaidi ya miaka 70 nyuma.

Lakini tusidanganyane. Guttmann hakutupa dawa dirishani akagawa mipira. Mazoezi yalikuja juu ya matibabu, juu ya wauguzi wa kugeuza watu usiku, juu ya kazi na chakula. Ndugu yangu uliyepewa dawa ya sonona, au unayekwenda kuonana na mshauri nasaha, usiache kwa sababu umesoma makala yangu. Ongeza mazoezi juu ya hayo.

Tarehe 29 Julai 1948, Mfalme wa Uingereza alifungua michezo ya Olimpiki katika uwanja wa Wembley, London. Siku hiyo hiyo, kwenye nyasi za hospitali ya Stoke Mandeville, Guttmann alifanya mashindano yake. Walishindana watu 16, wanaume 14 na wanawake 2, wote kwenye viti vya magurudumu, kwa upinde na mshale. Kuchagua siku ile hakukuwa bahati mbaya. Mwaka uliofuata alikuwa tayari anawaambia watu kwamba ipo siku michezo yake itakuwa na hadhi kama ya Olimpiki. Ukiwa na watu 16 kwenye bustani ya hospitali, si mchezo kusema hivyo mbele za watu wakakuelewa.

Mwaka 1952 wakaja Waholanzi, mashindano yakawa ya kimataifa. Mwaka 1960 yalihamia Rome, mara tu baada ya Olimpiki, na wanamichezo 400 kutoka nchi 23 walishiriki. Hayo ndiyo yanayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza.

Hapo Rome pananikumbusha jirani yetu mmoja. Tarehe 10 Septemba 1960, askari wa Ethiopia aitwaye Abebe Bikila alikimbia marathoni ya Olimpiki katika mitaa ya mji huo, pekupeku, akashinda. Siku nane baadaye, katika mji huo huo, wanamichezo wa Guttmann walifungua michezo yao. Bikila alishinda tena Tokyo mwaka 1964, akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Mwaka 1969 gari lake lilipinduka karibu na Addis Ababa. Miguu ile iliyotikisa dunia ikapooza. Alipelekwa Uingereza kutibiwa, na hospitali yenyewe ilikuwa Stoke Mandeville. Alikaa huko miezi kama minane. Mwaka 1970 alishiriki michezo ya Stoke Mandeville, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mkononi ana upinde. Alifariki mwaka 1973 akiwa na miaka 41.

Mimi sijui moyoni mwake kulikuwa na nini, na sitajifanya najua. Ila nafikiria hivi. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema michezo basi, ni yeye, maana alikuwa ameshafika juu kabisa na chote kikaondoka usiku mmoja barabarani. Bado aliingia uwanjani kushindana katika mchezo ambao hakuwa bingwa wake.

Guttmann mwenyewe hakuwa malaika. Ukali wake haukuisha. Kwa miaka mingi michezo yake ilikuwa ya waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo tu. Wasioona na waliokatwa viungo walianza kushindana kwenye Paralimpiki mwaka 1976, huko Toronto. Hata aliyewafungulia wenzake mlango alikuwa na watu bado wamesimama nje. Mwaka 1966 alipewa heshima ya kuitwa Sir, na mwaka 1969 ukafunguliwa uwanja wa michezo ya walemavu pale pale Stoke Mandeville. Alifariki tarehe 18 Machi 1980, akiwa na miaka 80. Wagonjwa wake, wale wale waliomnung'unikia, walikuwa wanamwita baba.

Sasa turudi kwetu. Hosteli zetu zina watu wanaotazama ukuta. Mtu kapata sapu mbili, boom limechelewa, mchumba kaondoka, anaanza kwa kukosa kipindi cha saa moja asubuhi, halafu cha saa nne, halafu anakula kitandani. Tunamwambia ajikaze. Afadhali tungemwambia avae raba twende tukazunguke chuo jioni, na kesho tukamgongea tena. Guttmann hakuwaomba wagonjwa wake wajisikie vizuri kwanza ndipo watoke. Aliwatoa, halafu kujisikia kukafuata polepole, kwa wengine baada ya miezi.

Na kuna wenzetu ambao hata wakitaka kutoka hatujawawekea pa kwenda. Bonanza la mwisho nililohudhuria hapa chuoni lilikuwa na mpira wa miguu, pete, kuvuta kamba na kufukuza kuku. Wanachuo wenzetu wa vitimwendo na magongo walikaa jukwaani kushangilia, na wawili nilioketi karibu nao walikuwa wanatunza mabegi ya watu. Niliona, na wakati ule sikuona kitu. Mpira wa wavu wa kukaa hauhitaji fedha za kuandika andiko la mradi. Wavu unashushwa, juu yake pawe mita moja na kidogo tu kutoka chini, wote wanakaa sakafuni, mpira ni ule ule. Mwenye miguu mizima hana faida yoyote pale, na nimejaribu, nilichapwa vibaya. Naiomba serikali yetu ya wanafunzi iuweke kwenye bonanza lijalo pamoja na mpira wa meza, na usiwe mchezo wa walemavu pembeni, bali mchezo ambao timu za vitivyo zinahesabiwa pointi.

Julai naenda fildi ya pili. Nimeomba shule ile ile, sijajibiwa. Yule kijana sasa yuko kidato cha tatu. Hakuwahi kuninung'unikia hata mara moja, na hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu alikuwa ameshakubali kabla sijafika, na mimi nikaweka sahihi yangu chini ya makubaliano ambayo hakuna aliyemuuliza. Nikirudishwa pale nitafunga kamba kati ya miarobaini miwili, chini chini, tukae wote kwenye mchanga tucheze. Nguo tutazitundika kwenye matawi.